Sikio Lililoenda Shule

Siku hizi kuna aina ya video ambayo ukiianza hutoki. Mtu aliyesomea muziki, pengine mwimbaji wa opera, pengine mpiga piano wa miaka ishirini, anavaa hedifoni na kuwekewa wimbo wa roki ambao dunia nzima inaujua isipokuwa yeye. Sisi tunamwangalia uso. Dakika ya kwanza amekunja ndita. Ya pili, nyusi zinapanda. Ya tatu anasimamisha wimbo, anaurudisha nyuma na kuanza kueleza: hapa wamebadilisha ufunguo, hapa sauti zinapishana kama kwaya ya kanisani. Na sisi watazamaji, tuwe kitandani Umoja au kwenye steji ya Ekero tukingoja gari la Kakamega lijae, tunachekelea kama tuliopewa cheti.

Cheti cha nini, hasa? Wimbo tulikuwa tunaupenda tayari. Kilichotufurahisha ni kwamba mtu wa shule ameupigia saluti. Hamu hiyo ni ya zamani kuliko simu zetu.

Tarehe 27 Desemba 1963, mhakiki wa muziki wa gazeti la The Times la London, William Mann, aliwaandikia wasomaji wake waheshimiwa kuhusu vijana wanne wa Liverpool, Beatles. Alichambua nyimbo zao kwa lugha ile ile aliyoitumia kwa muziki wa okestra, na mwisho wa mmoja wao akaulinganisha na kazi ya Gustav Mahler. Miaka mingi baadaye John Lennon alikiri kwamba maneno yale ya kitaalamu hakuyaelewa. Kwake yalisikika kama majina ya ndege wa nchi za mbali.

Aprili 1967 akaja Leonard Bernstein. Huyu alikuwa kondakta, si wa matatu, wa okestra ya New York Philharmonic. Alikaa kwenye piano mbele ya kamera za televisheni ya CBS na kuwaeleza Wamarekani kwa nini muziki wa roki unastahili kusikilizwa. Aliupiga wimbo wa Beatles uitwao "She Said She Said" na kuonyesha jinsi mapigo yanavyotoka manne kwenda matatu bila wimbo kujikwaa. Wazazi waliokuwa wakiwapigia watoto kelele wazime hiyo redio wakamsikia mtu wa Beethoven akisema, ngojeni kwanza, hapa kuna kitu.

Hizo ndizo hadithi zinazosimuliwa sana. Kuna nyingine ambayo ni ya kwetu, na ilianza mapema zaidi.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alifika Jadotville huko Katanga, mji unaoitwa Likasi leo. Huko alimrekodi kijana mmoja mwenye gitaa, Jean-Bosco Mwenda. Wimbo ulioenda mbali kuliko zote ni "Masanga". Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, lakini ukisikiliza bila kuona utaapa kwamba ni magitaa mawili. Mara sauti nzito inaongoza, mara nyembamba inaipiku, kisha zote mbili zinakimbizana.

Wimbo huo ukafika kwa David Rycroft, msomi wa muziki aliyefundisha Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1961 na 1962 alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa sehemu mbili kuhusu gitaa la Mwenda, akiutafsiri mchezo wa vidole vile kwenye mistari ya noti. Yaani miaka miwili kabla Mann hajawaandikia Waingereza kuhusu Beatles, kijana wa Katanga anayeimba Kiswahili alikuwa ameshawekwa kwenye meza ya uchambuzi, kwa makini ambayo kwa kawaida alitengewa mtunzi wa Ulaya.

Hilo ni jambo la kujivunia, lakini noti zina mpaka wake. Mwenda hakuwa na "Masanga" moja. Kila alipoupiga, aliugeuza, na hata Rycroft kwenye kichwa cha makala yake aliuita mchezo huo ubunifu wa papo kwa papo. Ukiandika mpigo mmoja umeandika siku moja. Isitoshe, karatasi haikuambii mpigaji mwenyewe anahesabu moja wapi. Hapo ndipo sikio la shule hupotea zaidi: linasikia kila sauti, halafu linaweka mguu chini mahali pasipo pake.

Aliyelionyesha tatizo hili vizuri ni Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna aliyefika Uganda mwishoni mwa 1959. Badala ya kukaa pembeni na daftari, aliomba kufundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa jumba la Kabaka wa Buganda. Alijifunza amadinda, ile marimba kubwa ya mbao inayopigwa na watu wakiwa wamekaa pande mbili. Mmoja anapiga sauti zake kwa mwendo sawa, mwenzake anaingiza zake katikati ya zile, kwa kasi. Msikilizaji anasikia nyimbo zinazopinda na kuruka. Kubik alipokuwa ameshika vijiti mkononi aligundua kwamba nyimbo zile hakuna anayezipiga. Kila mpigaji ana mstari wake uliotulia. Wimbo unaousikia unajengwa na sikio lako kutokana na mistari yote miwili. Angebaki kwenye kiti cha msikilizaji, angeandika kwa ufasaha kabisa kitu ambacho vidole havikukifanya.

Sasa turudi Magharibi ya Kenya, maana hapa sikio la shule lina historia yake. Wamisionari wa Kikweka walifika Kaimosi mwaka 1902, Wakatoliki wa Mill Hill wakajenga Mumias, na mwaka 1912 Waanglikana wakaanzisha Butere. Pamoja na hesabu na Biblia ikaja do-re-mi. Ndiyo iliyotupa kwaya tunazozijua, zenye sauti nne zilizopigwa pasi. Sitaki kuidharau, watu wengi wa huku walijua kusoma solfa kabla ya kusoma gazeti. Lakini ilikuja na mpaka. Ndani ya mpaka kulikuwa na muziki. Nje yake kulikuwa na ngoma za kienyeji, na mbali zaidi kulikuwa na gitaa, chombo cha vilabu vya busaa na watoto waliotoroka kazi za nyumbani.

Mwaka 1959 Mwenda alikuja Nairobi kwa miezi kadhaa, akicheza kwenye redio kutangaza vidonge vya Aspro. Vijana wa Kenya walimsikia wakajaribu vidole vyake. Lakini upande wa Kisa, si mbali na Mumias, kulikuwa na mtu aliyezaliwa 1930 kama Mwenda na ambaye alikuwa na mtindo wake. Huyu ni George Mukabi. Mtindo huo unaitwa omutibo. Gitaa ni moja, gumba na kidole cha shahada vinajibizana, na pembeni kuna chupa ya soda inayogongwa ikishikilia mwendo. Msikilize kwenye "Sengula Nakupenda". Kama umewahi kusimama karibu na isukuti ikipigwa, ile familia ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, utajua nyuzi zile zilijifunza kutembea wapi. Mukabi alifariki 1963, kabla ya Bernstein kukaa kwenye piano yake, na mpaka leo watu wanampiga kwenye simu. Mwanawe, Johnstone Mukabi, naye alilishika gitaa hilo hilo.

Ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1963 sikio la shule la Kenya lilithibitisha kwamba likitaka, linasikia. Wanamuziki waliosoma, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Thomas Kalume na Peter Kibukosya, walichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, uliofikishwa na Mzee Meza Galana, wakautengeneza ukawa Wimbo wa Taifa. Kila asubuhi ya gwaride tunasimama wima kwa ajili ya wimbo wa kumlaza mtoto. Lakini huo ulikuwa muziki wa kale, na muziki wa kale ni rahisi kuuheshimu. Gitaa lilikuwa changa mno kuitwa mila na lenye vumbi mno kuitwa sanaa.

Waliolisikia mapema walikuwa watu wasiojali cheti. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ilirekodi "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, Mluhya aliyeitwa mfalme wa twisti, na ikapanda hadi nambari 14 Uingereza. Kiswahili chake hawakukijua. Mwendo waliuelewa.

Kwa hiyo video zile nazipenda, ila nina ombi. Mtu akimaliza kumshangaa mwimbaji wa opera anayelia kwa sababu ya gitaa la umeme, aweke "Sengula". Na kama amesomea muziki, hapa nyumbani au ng'ambo, asiishie kwenye uso wake mwenyewe. Gitaa hili halikuandikwa kwenye noti na wenyewe. Limekaa kwenye vidole, na vidole vya kizazi kilichomsikia Mukabi akiwa hai sasa ni vya wazee wa zaidi ya miaka sabini. Mwanafunzi wa muziki anayetoka Kakamega anaweza kumaliza digrii akijua tarehe ya kifo cha Mozart bila kujua ya Mukabi. Kutoka Ekero mpaka Kisa si safari ya kubebea begi. Nenda na simu yenye chaji, rekodi, andika jina la mpigaji na la mtunzi, na kabla ya kuandika noti hata moja muombe anayegonga chupa akuonyeshe anaanzia wapi.