Uwiano wa ajira kwa wanawake vijana

Uwiano wa ajira kwa wanawake vijana ni kiashiria cha soko la kazi kinachoonyesha asilimia ya wanawake wa miaka 15 hadi 24 walio na ajira, kati ya wanawake wote wa rika hilo. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani (ILO), mwenye ajira ni aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa angalau saa moja katika wiki inayochunguzwa. Takwimu hukusanywa hasa kwa utafiti wa nguvukazi katika kaya. Tanzania huhesabu pia vijana wa miaka 15 hadi 35, hivyo ulinganisho na nchi nyingine huhitaji uangalifu.

Mwaka 2013, mkutano wa kimataifa wa watakwimu wa kazi uliondoa kilimo cha chakula cha nyumbani katika maana ya ajira. Kuteka maji, kuokota kuni na kulea watoto hutambuliwa kuwa kazi, lakini si ajira. Msichana anayeshinda shambani na jikoni anaweza kuonekana hana ajira.

Uwiano mdogo si lazima uwe dalili mbaya: huenda wasichana wengi wako shuleni. Kwa hiyo husomwa pamoja na kiwango cha vijana wasio kazini, masomoni wala mafunzoni, kinachofuatiliwa chini ya Lengo la 8 la Maendeleo Endelevu. Uwiano wa ajira ukisomwa peke yake unaweza kupotosha sera.