Necessary Noize: Kutoka Hip Hop Hadi Reggae

Ukipanda mathree hapa Nax, reggae haikosi. Uliza wasee nani ni baba wa reggae ya Kenya, wengi watakutajia Wyre. Poa, lakini kabla Wyre aende solo kulikuwa na Necessary Noize.

Kundi hili la Nairobi lilianza na watu watatu: Nazizi, Wyre na Bamzigi. Albamu ya kwanza, ya 2000, ilikuwa hip hop zaidi. Bamzigi alipojitoa, ungedhani hiyo ndiyo mwisho. Wapi! Kubaki wawili ndiko kuliwapa sauti mpya: Wyre anaimba laini, Nazizi anachana, na chini ni mdundo wa reggae na ragga. "Kenyan Gal, Kenyan Boy" ya 2004 ilibamba kinoma.

Baadaye wakaungana na Bebe Cool wa Uganda, wakaunda East African Bashment Crew na kuangusha "Fire" na "Africa Unite".

Mimi naona Nazizi amenyimwa haki yake. Watu humkumbuka kama rapa tu, ilhali hizo ngoma za reggae bila yeye ni chai bila sukari.