Kuhesabu kwa vidole vinane

Tuseme ulizaliwa na vidole vinne kila mkono. Kumi ingekuwa na maana gani kwako?

Si swali la kijiweni tu. Mwaka 2005 mwongozaji filamu James Cameron alimpa kazi mwanaisimu Paul Frommer wa Chuo Kikuu cha Southern California: atunge lugha ya viumbe warefu wa rangi ya buluu, Wana'vi, ambao dunia iliwaona mwaka 2009 kwenye filamu ya Avatar. Na viumbe hao, ukiwatazama vizuri, wana vidole vinane tu.

Basi hesabu yao nayo ikasimama kwenye nane. Moja ni 'aw, mbili ni mune, tano ni mrr. Vidole vikiisha unasema vol, yaani nane. Kumi yetu kwao ni vomun, nane na mbili. Kumi na sita ni mevol, nane mbili. Sisi tukizidisha kumi kwa kumi tunapata mia. Wao wakizidisha nane kwa nane wanapata zam, ambayo kwetu ni 64 tu.

Mambo ya sayari nyingine? Wala. Wayuki wa kaskazini mwa California nao walihesabu kwa nane, na vidole vyao vilikuwa kumi kama vyako. Wao walihesabu nafasi zilizo kati ya kidole na kidole.

Tuje kwenye sauti. Cameron alikuwa ameshabuni maneno kama 30. Frommer akamtengenezea mifano kadhaa ya namna lugha inavyoweza kusikika, na Cameron akachagua ule wenye konsonanti za kufyatuka: unafunga koo, unabana hewa mdomoni, kisha unaiachia ghafla. Huandikwa px, tx na kx. Sauti b, d na g zikatupwa nje, ingawa watu wa pwani katika filamu ya 2022 wanazo. Halafu rr inaweza kushika nafasi ya irabu, kama katika ile mrr. Usicheke. Sisi tunaposema "mtu", hiyo m ni silabi kamili, na irabu haina.

Lakini Frommer hakuweza kwenda mbali sana, kwa sababu waigizaji walikuwa binadamu, wenye koo na ndimi za kibinadamu. Kwa hiyo zile sauti zilizochaguliwa ili masikio ya Marekani yasikie ugeni zina wenyewe hapa hapa duniani. Kiamhari kinazo zote tatu. Mwethiopia akilitaja jina la nchi yake kwa lugha hiyo, ile p inafyatuka. Hapa Tanzania, Wairaqw, Wasandawe na Wahadzabe nao wana konsonanti za kufyatuka, na hao wawili wa mwisho wanaongeza na vidoko.

Hapo ndipo stori inaponigusa. Karne ya 17 Wazungu waliotia nanga Rasi ya Tumaini Jema waliwasikia Wakhoikhoi wakiongea kwa vidoko, wakaandika kwamba lugha yao ni kama mlio wa bata mzinga. Haikuwa kejeli ya kupita. Mtu ukishasema jirani yako hatoi maneno bali mlio, kumnyang'anya ardhi na mifugo inakuwa kazi nyepesi.

Sisemi Cameron alifanya hivyo. Filamu yake iko upande wa wanaonyang'anywa. Ninachosema ni kwamba sikio ni hakimu mbaya. Kila anayesema "hii si lugha ya watu" anatuambia tu mipaka ya alichowahi kusikia.

Leo Kina'vi kina maneno zaidi ya 2,000, na kina wanafunzi wanaojifunza kwa hiari, wakirudiarudia kx mpaka koo linauma. Vizuri sana. Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi hawazidi sana 1,000, na lugha yao haina undugu uliothibitishwa na nyingine yoyote. Mjini bado kuna wanaoiigiza ili watu wacheke.

Wewe ulipoisikia mara ya kwanza, ulisikia lugha au ulisikia mlio?