Salamu za Sikukuu kati ya Watu wa Imani Mbalimbali: Mafunzo kutoka Bariadi na Mkoa wa Simiyu

1. Utangulizi

Mtumishi wa Kanisa anayepangiwa kazi Bariadi hukutana mapema na swali ambalo vitabu vya ibada havilijibu. Msharika amwambie nini jirani yake Mwislamu asubuhi ya Idd? Apokeeje salamu ya jirani huyo siku ya Krismasi? Na mzee wa kaya ambaye hakubatizwa wala hakusilimu asalimiwe kwa sikukuu ipi? Wengine huliona jambo hili kuwa la adabu tu. Sisi twaliona kuwa la kichungaji, kwa maana salamu hubeba ungamo. Katika makala hii tunakusudia kulitazama kwa njia ya historia.

2. Kalenda tatu katika nchi moja

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na mkoa wa Shinyanga na sehemu ya Mwanza, na makao yake ni Bariadi. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe. Kabla ya dini ngeni kufika, mwaka wa Msukuma uliongozwa na mvua. Furaha kubwa ilikuja baada ya mavuno, miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma. Salamu ya kila siku haikutaja dini yoyote: Mwangaluka husemwa asubuhi, na Mwadila mchana na jioni. Uzito wake ulikuwa katika heshima ya kuinama au kupiga magoti.

Ukristo ulifika kwa njia ya ziwa. Mapadri Weupe walianza Bukumbi mwaka 1883. Wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. walifungua kituo cha Nassa, ambacho leo kimo katika wilaya ya Busega, na mwaka 1909 wakawakabidhi Africa Inland Mission. Walutheri tulikuja baadaye, shamba likiwa limekwisha kulimwa na wengine. Ndiyo sababu hata Wakristo wenyewe hawakuwa na neno moja: Mkatoliki alisema Noeli, Mprotestanti Krismasi.

Lakini Krismasi iliangukia wakati wa kulima na kupalilia, ghala likielekea kupungua. Sikukuu ya Kiislamu nayo, kwa kufuata mwezi, hurudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2000 Idd-el-Fitr iliadhimishwa mara mbili, Januari na Desemba, na ile ya pili ilikuwa siku chache tu baada ya Krismasi. Mwaka 2022 na 2023 Pasaka iliangukia ndani ya mfungo wa Ramadhani. Hivyo mmoja hualika karamu na mwenzake yumo katika kufunga.

3. Maneno tuliyorithi

Yafaa tukumbuke kwamba Kiswahili chenyewe kilikwisha kutupatia maneno ya pamoja. "Heri" ni neno lenye asili ya Kiarabu, lakini Mkristo hulitumia katika "Heri ya Krismasi" bila wasiwasi, na katika Biblia yetu ndilo linaloanzisha maneno ya Bwana juu ya mlima. "Sikukuu" hutumika kwa Idd na kwa Pasaka vilevile. Kwa hiyo "sikukuu njema" haikubuniwa juzi ili kulificha jina la Kristo.

Dola nayo imetafuta njia yake. Katika mikutano ya hadhara wasemaji wengi wamezoea kupanga salamu kwa zamu: "Asalaam aleikum", "Tumsifu Yesu Kristo", "Bwana Yesu asifiwe". Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na wananchi wakajibu, "Kazi iendelee". Salamu hiyo yafaa uwanjani. Lakini je, yatosha mlangoni pa jirani?

4. Salamu na sahani

Vijijini salamu ya sikukuu huandamana na chakula. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizikusanya kaya zilizokuwa zimetawanyika, na watu wa imani mbalimbali wakawa majirani wa karibu. Desturi iliyoenea nchini ilikuwa Mwislamu achinje ili wote wale. Desturi hii si imara kama tulivyodhani. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya haki ya kuchinja ulisababisha kuuawa kwa mchungaji mmoja. Hapo twaona kwamba sahani ya jirani si jambo dogo.

Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 10 anamruhusu mwamini aalikwaye na asiyeamini kula bila kuulizauliza, ila azingatie dhamiri ya mwenzake. Naye Bwana katika Mathayo 5:47 anauliza tumezidisha nini ikiwa tunawaamkia ndugu zetu peke yao. Katika Luka 10 wanafunzi wanaagizwa kutanguliza amani katika kila nyumba, kabla ya kujua kama aliyemo ataipokea.

5. Hitimisho

Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, msharika amtakie jirani heri katika sikukuu ya jirani kwa jina lake. Kusema "Idd njema" si kuungama imani ya mwingine. Pili, katika sikukuu yetu tulitaje jina letu bila hofu, kwa maana jirani anajua tunachoadhimisha. Tatu, tusimsahau mzee asiye na sikukuu ya dini katika kalenda ya Serikali. Wakatoliki wa Usukuma walikwisha kuyatazama majira yake: Bulabo, mashindano ya ngoma ya Bujora, yaliunganishwa na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo mwezi Juni. Nasi tunayo ibada ya mavuno. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, kuanzia 2018 hadi 2020, na watu wa imani zote walikusanyika kwa ajili ya mazao ya ardhi moja. Mchungaji aingiaye kaya ya mzee huyo baada ya mavuno, akainama na kusema "Mwadila, baba", ametanguliza amani. Mahubiri yana wakati wake.