Kamera ya kwanza ya DSLR: kagua lenzi kabla ya bei

DSLR ni kamera ya dijitali yenye kioo ndani na lenzi inayobadilishwa. Kwa mfanyabiashara anayepiga picha za bidhaa, au msafirishaji anayetaka kumbukumbu ya mzigo kabla lori halijaondoka, iliyotumika inatosha.

Mtego uko kwenye lenzi. Bodi za Nikon za bei nafuu, kama D40 ya mwaka 2006 na D3500 ya mwaka 2018, hazina mota ya kusogeza lenzi. Ukiuziwa lenzi ya zamani isiyo na mota yake, utaizungusha kwa mkono kila picha, na si kila muuzaji atakwambia. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Canon haina usumbufu huo: lenzi zake za EF na EF-S zina mota ndani. Uliza pia kamera imeshapiga picha ngapi, maana shata huchakaa kama tairi.

Katika kujifunza, anza na alama ya Av (kwa Nikon ni A). Weka f/8 ili namba ya kontena na lakiri vionekane vyote. Kasi ikishuka chini ya 1/60, pandisha ISO. Picha yenye chengachenga ni afadhali kuliko iliyotikisika.

Halafu saa. Ukivuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda, saa hurudi nyuma kwa saa moja, na kamera nyingi hazijirekebishi zenyewe. Irekebishe kabla ya kupiga, kwani picha yenye saa isiyo sahihi huzua ubishi mzigo ukiharibika na mwenye mali akidai fidia.