Viambato vya Krimu za Kulainisha Ngozi: Twahara, Wudhuu na Madhara

 

Tunaulizwa mara kwa mara krimu ipi ni halali na ipi inazuia wudhuu. Jibu haliko katika bei wala sura ya kopo, bali katika maandishi madogo ya nyuma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, ndiyo maana nyingi huanza na "Aqua", yaani maji. Weka ya bei ghali pembeni ya ile rahisi, na mara nyingi utakuta mwanzo wake unafanana: maji, gliserini na mafuta ya aina fulani. Gliserini huvuta maji na kuyashika kwenye ngozi. Mafuta ya mgando na lanolini hufunika ili maji yaliyomo yasipotee, kwa hiyo hufaa zaidi yakipakwa baada ya kuoga, mwili ukiwa bado na unyevu.

Mafuta ya mgando hutokana na mafuta ya ardhini, nayo ni twahara, sawa na mafuta ya nazi na ya mimea mingine. Lanolini ni mafuta ya sufi ya kondoo. Iliyotoka katika sufi iliyokatwa kondoo akiwa hai haina tatizo, na Allaah Ameitaja sufi miongoni mwa neema Zake katika Suurat An-Nahl, aayah ya 80.

Penye utata ni gliserini na asidi ya steariki. Huweza kutoka katika mawese au katika shahamu ya mnyama, na jina kwenye kopo ni lilelile. Ikithibiti kuwa asili yake ni nguruwe au nyamafu, Mahanafi wanaona kitu kilichogeuka kabisa huchukua hukumu mpya, na ndiyo kauli aliyoichagua Ibn Taymiyyah. Mashaafi'iy, ambao ndio wengi visiwani kwetu, wamekaza: kugeuka hakutwaharishi najisi ila katika mambo machache, kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Tunaloliona sisi ni kwamba iliyothibiti iachwe, kwani mbadala umejaa madukani. Isiyojulikana asili yake isiwe mlango wa wasiwasi, kwa kuwa asili ya vitu ni twahara.

Neno "Alcohol" huwatisha wengi. "Cetyl Alcohol" na "Cetearyl Alcohol" ni vitu vigumu mfano wa nta, havileweshi, na jina hilo ni la kikemia tu. "Alcohol Denat." ndiyo spiriti, na twahara yake ina khitilafu. Isitoshe, hukausha ngozi, basi mwenye ngozi kavu ataitakia nini?

Ama wudhuu, Imaam An-Nawawiy ameeleza katika Al-Majmuu' kuwa mafuta ambayo maji hupita juu yake yakagusa ngozi hayadhuru, hata kama maji hayatulii. Kinachozuia ni chenye mwili, kama nta. Losheni iliyokwishaingia mwilini haina neno. Aliyejipaka mafuta ya mgando yakafanya tabaka ayafute kwanza, kisha asugue viungo vyake.

Linalotushangaza ni kuwa anayeuliza kuhusu chembe ya gliserini huwa haulizi kuhusu mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha huuzwa kwa jina la kulainisha, na ndani yake mna zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali kama "Clobetasol". Zebaki huharibu figo, hupita kwa mtoto aliye tumboni, na huweza kuwafikia watoto wa nyumbani kupitia mataulo na kukumbatiwa. Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka kikomo cha sehemu 1 kwa milioni katika vipodozi. Steroidi hukondesha ngozi mpaka ikachanika kwa urahisi. Hizi ni haramu kwa madhara yake, hata kama kila kiambato ni twahara.

Kopo lisilo na orodha ya viambato, au krimu iliyochanganywa dukani na kutiwa kwenye kichupa, isinunuliwe. Aliyekwishaizoea, hasa mjamzito au anayenyonyesha, aende nayo hospitali daktari aione, kwani steroidi ikikatwa ghafla ngozi huweza kuwaka. Na mume anayemtaka mkewe ajichubue, hatiiwi katika hilo.

Wa Allaahu A'lam.