Hodi Katikati ya Sala

Somo letu latoka Injili ya Marko, mlango wa 5, aya ya 21 hata ya 43.

Sisi watu wa pwani, tangu Rabai na Kilifi hata Malindi, ni vigumu kumaliza sala ya jioni bila kusikia hodi. Baba amefumba macho, amekwisha kuwaombea wagonjwa, sasa anaanza kuwaombea wajane. Mara mtoto wa jirani yupo mlangoni, ametumwa chumvi. Kanisani nako ni vivyo hivyo. Mbuzi huingia wakati wa mahubiri. Mvua huangukia mabati, mhubiri akalazimika kunyamaza mpaka ipite. Siku hizi kuna na simu, nayo huchagua kulia wakati wa Meza ya Bwana. Basi twakasirika, twasema Shetani ametuvuruga. Pengine ni yeye kweli, lakini tusimpe sifa ya kila mbuzi.

Katika somo letu, Bwana Yesu yumo njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, ambaye binti yake yu karibu na kufa. Safari hiyo haikutaka kuchelewa. Ndipo mwanamke mwenye kutokwa na damu miaka 12 akagusa vazi lake, na Bwana akasimama. Tumfikirie Yairo wakati ule! Kila neno alilosema yule mama lilikuwa likila dakika za mtoto wake. Naye Bwana hakumharakisha mama. Alimsikiliza mpaka akaeleza yote.

Jambo hili limetukia kwetu pia, wala si mbali. Rabai, tunayoiita chimbuko la kanisa letu, haikuwa shabaha ya yule aliyeianzisha. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alitaka kuwahubiri Waoromo kwa njia ya Ethiopia. Mwaka 1842 alizuiwa kurudi Shoa. Akazunguka kwa bahari, akafika Mombasa mwaka 1844, akitafuta njia nyingine ya kuwafikia watu wale wale. Julai ya mwaka ule ule mkewe Rosine alikufa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, nao wakapanda kwenda kukaa Rabai. Mtu wa kwanza waliyembatiza alikuwa Mringe, kilema, akiwa mgonjwa wa kufa. Hata mtu mwenye hesabu nzuri asingaliweza kuonyesha faida ya kazi hiyo kwa wakati ule.

Lakini hodi kubwa ilikuja baadaye, nayo ilibishwa na watumwa. Tangu miaka ya 1860 mashamba ya Malindi yalikuwa yakipanuka sana, mtama na simsim vikilimwa kwa mikono ya watumwa. Mapatano ya mwaka 1873 kati ya Sultani wa Unguja na Waingereza yalikataza biashara ya watumwa baharini. Utumwa wenyewe uliendelea kukubaliwa na sheria katika pwani yetu hata mwaka 1907. Kwa hiyo mtu aliyetoroka shambani alihesabiwa kuwa mali iliyopotea, na aliyemficha alihesabiwa mwizi. Watoro walikimbilia msituni, wengine Fuladoyo, ambako Wagiriama Wakristo walikuwa wakiishi pamoja nao. Huko ndiko alikokuwa David Koi, aliyeuawa mwaka 1883. Na wengine walikuja Rabai.

Wakubwa wa misheni walikuwa wametoa agizo kwamba watoro wasipokewe. Tusiwahukumu upesi. Wenye mashamba walikuwa na silaha na hasira, na misheni ilikaa katika nchi ya Sultani kwa ruhusa yake. Kulikuwa na shule za kulinda na wagonjwa wa kutunza, tena na watumwa walioachwa huru na manowari za Kiingereza, waliokuwa wakitunzwa Frere Town tangu mwaka 1875. Hiyo ilikuwa kazi njema, nayo ilikuwa na ratiba yake. Mtoro aliyebisha usiku aliweza kuiangusha yote. Hata hivyo twaona kwamba agizo hilo, pamoja na busara yake yote, lilimtaka mwanamke wa Injili arudi nyumbani kwake kwa sababu Yairo amekwisha kutangulia.

Wakristo Waafrika wa Rabai waliwafungulia. Mmoja wa viongozi wao alikuwa William Jones, Myao, aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa na kusomeshwa India. Mtu kama huyo angewezaje kujifanya hakusikia hodi? Mwaka 1885 alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya Uganda. Askofu alipouawa, Jones ndiye aliyewaongoza wapagazi waliobaki mpaka wakafika tena Rabai.

Mwaka 1888 mambo yalifichuka. Wenye watumwa walidai mali yao, na walipohesabu watu wa misheni waliwakuta watoro kwa mamia, waliokwisha kujenga, kulima na kuzaa watoto. Ilionekana kama mwisho wa misheni. George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikianza kutawala pwani, alipatana na mabwana wao awalipe fidia. Hivyo watu zaidi ya 1,400 katika misheni za pwani walipewa uhuru, na mwanzoni mwa mwaka 1889 hati zao zikagawanywa.

Tuwaze kidogo hati ile. Mtu ambaye jana alikuwa akilala huku sikio lake li mlangoni, leo ameshika karatasi yenye jina lake. Sasa anaweza kwenda atakako. Wapo waliobaki pale pale Rabai, wakaendelea na mashamba yao. Na Jumapili kengele ilipolia, waliingia kanisani kwa mlango wa mbele, mchana, wala hawakuhitaji kubisha.